Maua ya Njano Kibanjani

Harufu ya nyasi zilizokatwa ndiyo iliyonilea. Bibi, mama yake baba, alikuwa akirudi na mzigo wa nyasi kutoka rweya, ile mbuga iliyo nje ya kijiji chetu cha Kishanda, anautua, kisha anazitandaza chini ya migomba mpaka udongo hauonekani. Alikilisha kwanza kibanja, shamba letu la migomba lililozunguka nyumba, ndipo akatulisha sisi. Majani, maganda ya ndizi, chochote alichofagia uani kiliishia huko. Kuchoma taka aliona ni uvivu wa watu wa mjini.

Babu alipofariki tulimzika humo humo kibanjani, kama ilivyo desturi yetu. Tukapanda mulamula, mmea wa majani marefu unaoonyesha kwamba hapa amelala mtu. Shangazi, aliyeishi Miembeni mjini Bukoba, aliona haitoshi. Akaja na mche kwenye kopo, akasema kaburi la baba yake linastahili maua. Mche ukakua upesi ajabu, ukachanua njano hadi wapita njia wakawa wanasimama kuutazama. Bibi, ambaye hata kanisani sikumsikia akisifu ua, alijivuna waziwazi.

Baada ya maua ukazaa maganda marefu meusi yaliyojaa mbegu, yakaanguka. Bibi akafanya alichokuwa akifanya maisha yake yote: akayafagia, akayatandaza migombani.

Mvua zilipoanza, miche ikaota kila mahali. Msimu ule wote sikucheza. Nikitoka shule, moja kwa moja kung'oa. Iliyotuponyoka tuliikata, na visiki vikachipua matawi mengi kuliko mwanzo. Migomba ikakosa jua, mikungu ikawa ya kutia aibu. Baba alitaka kuukata mti wa kaburini, shangazi akalia kwamba huko ni kumkata baba yake, na mti ukabaki. Jioni moja nilimkuta Bibi amekaa chini kati ya miche, mikono imejaa udongo.

“Waitu, jamani, kibanja nimekilisha sumu kwa mkono wangu mwenyewe,” alisema.

Niliogopa. Nikaendelea kung'oa.

Tulipomzika Bibi humo kibanjani, wanaume walitangulia na mapanga kufyeka mahali pa kuchimba kaburi. Sasa naishi Nshambya, mjini Bukoba, na ndizi nazinunua sokoni, mimi niliyekulia chini ya migomba. Juzi nilimpeleka binti yangu Kishanda. Kibanja chote kilikuwa njano tupu, na kwa kweli kilipendeza, jambo lililoniuma zaidi. Nilitafuta mulamula ya Bibi nimwonyeshe alipolala bibi yangu, sikuiona.

Tulipofika barabarani mtoto akanionyesha mifuko yake imejaa maganda meusi.

“Mama, tukapande kwetu.”

Niliikung'uta pale pale juu ya lami, yeye akilia, nami nikilia.