Mwanzi wa Shemeji

Mume wangu ni daktari, na katika miaka yote aliyotibu watu ng'ambo ya kushoto ya mto, hapa Kisangani, sikuwahi kumsikia akimwambia mgonjwa "lazima". Alieleza ugonjwa, akaeleza dawa, kisha akamalizia: "Mwili iko yako, mama. Miye nasema tu." Wengine hawakupenda. Walitaka daktari wa kuwafokea, maana asiyefoka wanaona hajui kazi. Mimi hasira zangu ziko karibu, kwa hiyo mara nyingi niliwafokea kwa niaba yake, pale mlangoni.

Aliamini kwamba mtu mzima anajua mambo yake, na kwamba serikali ikitaka kumsaidia ianze kwa kumpisha njia. Hayo aliyatoa katika vitabu vinene vya Kifaransa tangu akiwa mwanafunzi, nami nilidhani yataishia mezani kwetu, kati ya pondu na samaki. Kisha mtoto akazaliwa kwenye kizuizi.

Barabara ya Ubundu ilikuwa imelazwa mwanzi mrefu katikati, umefungwa jiwe upande mmoja. Kila aliyepita na baiskeli, makaa au kikapu cha samaki wa moshi alilipa, na hakuna aliyejua ni ushuru wa nini. Mlinzi wa mwanzi huo alikuwa mdogo wangu, tumbo moja, anayeniita yaya, yaani dada mkubwa. Mimi ndiye niliyemtafutia kazi hiyo; nilizunguka kwa wakubwa mpaka viatu vikaisha, na alipoipata nilijivuna mtaa mzima. Hata mwanzi aliukata mwenyewe msituni, kwa sababu ofisi iliyomweka pale ilimpa kofia tu.

Asubuhi moja ikaja toleka, baiskeli zetu za kubeba abiria, imempakia mama mwenye uchungu wa kuzaa. Mwendeshaji hakuwa na kitu cha kulipa. Mdogo wangu alipomwona mama anateremka huku ameshika tumbo, alitimua mbio mpaka kliniki, akafika hana pumzi, anamwita shemeji yake. Tulirudi naye mbio sote watatu. Mtoto alikuwa ameshatoka, nyuma ya kibanda, juu ya kitenge cha muuza chikwange, ile mikate yetu ya muhogo, analia kwa nguvu zake zote. Mume wangu akapiga magoti mavumbini akamalizia kazi, na mama na mtoto wakapona. Nililia kwa furaha. Nilipogeuka nikauona mwanzi, bado umelala njiani.

"Semeki," mume wangu akamwuliza shemeji yake taratibu, huku ananawa mikono, "ulikimbia mbali vile. Juu ya nini haukuinua muti, toleka ipite?"

Mdogo wangu alimtazama kwa mshangao wa kweli. "Docteur, hawakuniambia."

Hakuwa mkatili, mtu aliyekimbia namna ile. Wazo lenyewe halikumjia. Tunasema mwenye macho haambiwi tazama, lakini yeye alikuwa amezoea kuambiwa kila kitu. Siku hiyo mume wangu hakugusa chakula. Akasema atagombea ubunge wa jimbo ili mwanzi ule utoke.

"Na mudogo yangu atakula nini?" nikamwuliza.

"Iko na mikono na miguu. Uliona vile anakimbia."

Nilikasirika. Nilimnunia, hata chumvi mezani sikumpitishia.

Lakini kampeni ikanikamata. Wagombea wengine walipita na magari, wakigawa vitenge, chumvi na bia. Sisi tulipita na baiskeli, mikono mitupu. Kila mahali swali lilikuwa moja: "Docteur, umetuletea nini?" Naye alijibu bila haya: "Sikuleta kitu. Nakuja kuondosha." Nilitamani ardhi inimeze. Watu walicheka, ila walibaki kusikiliza. Sokoni mama mmoja, amevaa kitenge kipya chenye sura ya mgombea mwingine, akasimama.

"Na hii kitenge nilipokea, docteur? Niirudishe?"

"Vaa, mama. Kitenge iko yako. Na kura iko yako."

Soko zima likaangua kicheko, na yule mama akacheka kuliko wote. Hapo ndipo nilipojikuta nimepanda juu ya meza ya muuza mihogo, nasimulia habari za mtoto wa kizuizini, sauti imenikauka. Nilisahau kabisa kwamba nilikuwa nimenuna. Watu wa toleka wakayachukua maneno yale kutoka kijiji hadi kijiji, bure.

Alishinda. Tulicheza ngoma mpaka kitasa cha mlango wetu kikang'oka, na mpaka leo sijui nani alikivuta. Bungeni alikataa kila ushuru mpya, wenzake wakamwona kero. Kwa habari ya mwanzi, aliwafuata mmoja mmoja, akawaeleza kwa subira kama anavyomweleza mgonjwa anayeogopa sindano. Hatimaye redio ikatangaza kwamba vizuizi vya barabara ile vimefutwa.

Kesho yake barabara ilijaa. Toleka, mama za samaki, watoto wanaopiga mabati, na vijana waliokuja na mapanga kuukata mwanzi vipande vipande. Mdogo wangu alikuwa amesimama mbele yake, kofia kichwani.

"Barrière iko ya ofisi," akasema kwa sauti. "Lakini muti iko yangu. Nilikata mi mwenyewe mu pori."

Vijana wakamcheka, wakasogea na mapanga. Niliogopa sana. Ni ndugu yangu, na watu walikuwa wengi, wana hasira ya miaka. Mume wangu akapenya katikati yao, akaupa mgongo mwanzi uleule aliopigana nao.

"Anasema kweli," akasema. "Ile muti iko na mwenyewe. Hakuna mutu anagusa."

"Docteur, tulikupigia kura uondoshe!"

"Ndiyo. Sikusema nitaiba."

Hakuna aliyecheka. Niliona watu wanaanza kumzomea, wale waliombeba mabegani juzi, naye hakusogea hata hatua. Hasira zangu zilizobaki kwake ziliisha pale pale. Nilimpenda mno.

Mdogo wangu akamgeukia. "Semeki, niinue?"

"Miye sikuambii kitu," mume wangu akasema. "Uko na macho."

Tukangoja, jua linachoma. Mdogo wangu aliwatazama watu wa toleka, akawatazama mama na vikapu vyao, akatazama nyuma ya kibanda. Kisha akavua kofia, akaitundika kwenye msumari wa kibanda. Akafungua jiwe, akaunyanyua mwanzi, akauweka begani. Kelele zilizolipuka pale sijazisikia tena maishani. Vijana wale wale wa mapanga walimpigia makofi.

Akaanza kutembea kuelekea nyumbani kwetu, umati nyuma yake. Nami nilikuwa na kikapu cha samaki kichwani. Nilipofika mahali palipokuwa na mwanzi, miguu ilisimama yenyewe, na mkono ukaenda kwenye fundo la kitenge ninapofunga pesa. Mimi, mke wa mbunge, niliyepiga kelele juu ya meza za soko. Mdogo wangu akageuka, mwanzi ukageuka naye, watu wakainama usiwapige.

"Yaya," akaniambia, "pita tu."