Mti wa Kapteni Lyddiard

Mume wangu Jabez Tregear alisafirisha mizigo kwa farasi miaka thelathini na moja, kutoka gatini Cooktown mpaka machimbo ya dhahabu, na sijaona mtu mwenye wivu kama yeye. Hakunionea wivu mimi. Ningefurahi! Alimwonea wivu marehemu.

Marehemu ni Ambrose Lyddiard, aliyejiita Kapteni, ingawa mpaka leo hakuna aliyeniambia alikuwa kapteni wa nini. Ujanani Jabez alifuatana naye miezi minane kutafuta njia ya kuvuka milima kwenda kwenye dhahabu. Wiki ya tano homa ikamwangusha Kapteni. Jabez akamfunga juu ya farasi kama gunia la unga, akashika shoka, akatangulia yeye. Ndiye aliyetafuta kivuko cha kupitia milimani, ndiye aliyechonga miti ili wa nyuma waione njia. Ila porini desturi ni moja: herufi inayochongwa ni ya mkubwa wa msafara, hata kama mkubwa mwenyewe amelala anatapika. Kwa hiyo Jabez alichonga L. Mti mkubwa kuliko yote ulikuwa pale kivukoni, na watu wakauita Mti wa Kapteni.

Kulikuwa pia na mwenyeji wa pori lile aliyewaonyesha maji, na Jabez hakumbuki hata jina lake. Nilimkumbusha hilo mara moja, akasusia chakula changu siku mbili.

Na mimi nisijitie utakatifu. Nilimwonea wivu huyo Lyddiard miaka yote ya ndoa. Jabez angeweza kukueleza safari ile siku kwa siku, farasi gani alichechemea na wapi unga ulilowa, macho yanamng'aa. Muulize siku aliyonioa mimi, hajui ilikuwa Jumamosi au Jumatatu.

Basi ikasikika kwamba kitabu cha maisha ya Kapteni kinaandikwa, cha kwanza kabisa, na bwana mmoja wa gazeti huko Brisbane aitwaye Pomfret. Jabez akamwandikia barua tatu. Mtu ambaye hakuwahi kumwandikia mama yake! Alitaka kitu kimoja tu, jina lake liwemo. Akaanza kunyoa kila siku, akawaambia wenzake gatini wakae tayari.

Meli ikaleta nakala nne kwa mji mzima. Moja ikawekwa kwenye chumba cha kusomea, na Jabez akaenda akakaa nayo Jumapili nzima, kidole kikifuata mstari. Alirudi amevimba. Kitabu kilisema Kapteni alivuka milima na farasi tisa na mpakiaji mizigo mmoja, asiyetajwa jina. Kikasema pia kwamba, akiungua kwa homa, alichonga mti wa kivukoni kwa mkono wake mwenyewe.

"Mpakiaji mmoja," akasema. "Farasi kawataja kwa majina, Hester. Farasi!"

Nilicheka, Mungu anisamehe. Asubuhi akatandika farasi, akachukua shoka kubwa na nyama ya chumvi ya siku nane, akaondoka. Sikumuuliza aendako kwa sababu nilijua. Aliporudi alikuwa mtulivu kama mtu aliyeng'olewa jino bovu. Akasema ameuangusha ule mti, kisha akaichoma ile sehemu yenye herufi mpaka ikawa majivu. Nami nikamwongezea nyama sahanini. Moyo wangu ulikuwa mweupe, nikidhani sasa yule Kapteni katoka nyumbani kwangu.

Siku kumi baadaye Bwana Pomfret mwenyewe akashuka melini, na kamera kwenye sanduku la mbao. Nikampa chai na mkate. Hakuwa mtu wa majivuno, nilitaka awe nayo nikakosa. Akasema mpimaji ardhi mmoja aliyepita kivukoni alikuwa amemwandikia: ule mti ulichongwa na mtu wa mkono wa kushoto, majeraha ya shoka yote yamelala upande usio wa kawaida. Naye alikwisha kumuuliza dada yake Kapteni, akaambiwa ndugu yake alitumia mkono wa kulia kwa kila kitu. Halafu akawa anamtazama Jabez, ambaye alikuwa anakoroga chai yake kwa mkono wa kushoto, kama alivyofanya kila kitu tangu azaliwe.

"Mzee Tregear," akasema, "nadhani nilikukosea. Nipeleke kwenye mti niupige picha. Toleo la pili linachapwa mwakani, nitakuandikia sura yako nzima."

Jabez akaweka kijiko chini. Mimi nikajitia kushughulika na birika.

"Haupo," akasema Jabez.

"Umeanguka?"

"Nimeukata. Nikauchoma."

Pomfret hakukasirika, na hilo lilinichoma zaidi. Akasema yeye binafsi anaamini, ila barua ya mpimaji peke yake ni maneno tu, na dada mtu asingekubali neno libadilishwe bila kitu cha kuonyesha. Akamaliza chai yake, akamshika Jabez mkono, akarudi na meli ile ile.

Toleo la pili lilikuja mwaka uliofuata, na Pomfret akatutumia nakala yetu wenyewe. Kapteni bado anachonga kwa mkono wake. Ila chini ya ukurasa, kwa maandishi madogo, imeongezwa kwamba mti huo haupo tena, ulikatwa kwa wivu na mpakiaji wa Cooktown, Jabez Tregear.

Macho ya Jabez yalikuwa yameshaanza kufifia, kwa hiyo nilimsomea mimi. Nilitaka kuruka pale nikashindwa. Akaniuliza kama jina lake wameliandika sawasawa. Nikamwambia ndiyo, herufi zote zipo. Akaniomba nisome tena.