Nukta Nyeusi za Shangazi Mwantum

"Shangazi, kompyuta yako ina rangi zote hizi, mbona nukta zako zote umeziacha nyeusi?"

Nilimwuliza hivyo nikiwa darasa la tatu, nimesimama nyuma ya kiti chake pale ofisini Kibiti, nakodolea macho masanduku madogo yaliyojipanga kwenye kioo, manne kwenda chini, manne kwenda pembeni, kila moja limejaa nukta kama punje za ulezi zilizomwagika. Shangazi Mwantum aligeuka, akaniweka ushungi sawa. "Wewe huna madrasa leo? Haya, nenda."

Nikaenda. Yaliyomfanya anifukuze nimeyaokota kidogokidogo, kwa mama, kwa majirani, na mengine kwake mwenyewe.

Ilikuwa kabla sijazaliwa, baada ya yale mafuriko makubwa, maji yalipokwisha kurudi mtoni. Miaka hiyo ya soko huria kila mtu alikuwa amefungua kitu: huyu kibanda, yule mashine ya kusaga, na wageni wakafungua miradi. Mwantum, binti wa miaka ishirini na minne, alipata kazi ya ukarani katika mradi mmoja wa kulinda mazao. Alipewa baiskeli na daftari. Katika kila kaya aliuliza mambo manne: shamba liko mbali kiasi gani na nyumba, watu wanalala dunguni siku ngapi kwa mwezi, nguruwe mwitu wameingia shambani mara ngapi, na nyayo za simba zimeonekana mara ngapi. Dungu ni kile kibanda kilichoinuliwa juu ya miti, ambamo mtu analala na debe lake la kupiga, kuwafukuza wanyama wasimalize mpunga.

Simba walikuwa wanakula watu. Katika kitongoji kimoja nyuma ya Mtunda walikwisha kula wanne, na wa tano akawa Mwanajuma. Alfajiri simba alipanda mpaka dunguni, akamshika shingo, akashuka naye. Kaka yake, Kondo, aliufuata mburuzo wa damu katikati ya mpunga mpaka akakuta mguu mmoja na kipande cha kanga. Alivua shati, akaufunga ule mguu, akaupakata kama mtoto mchanga mpaka nyumbani. Hakulia. Watu walisema heri angelia.

Mwantum alifika kesho yake na daftari lake.

"Unaandika nini, dada?" Kondo alimwuliza.

"Naandika simba alipopita, kaka. Pole sana."

"Andika na jina la mwenye simba basi."

Maana kule waliamini hawa si simba wa porini. Ni simba wa kutumwa. Kuna mtu anawafuga kwa dawa na kuwaelekeza: nenda kwa fulani, mwache fulani. Mwantum mwenyewe hakuamini, lakini hakubisha. Nani abishane na mtu aliyebeba mguu wa dada yake?

Ofisini Kibiti alikuwepo Saadi, mtaalamu wa takwimu, kijana mcheshi aliyemwita Mwantum "mama masanduku". Yeye ndiye aliyemfundisha programu ile. Unaandika amri moja na jina la jedwali lako, unabonyeza, na kompyuta inakipambanisha kila kipimo na vingine vyote: umbali na simba, dungu na simba, nguruwe na simba, umbali na dungu, na kuendelea. Kila pambano lina sanduku lake, na kila nukta ni kaya moja. Mara ya kwanza masanduku yalipofunguka kiooni, Mwantum alisahau hata chai yake. Mwaka mzima wa kupanda baiskeli, wote uko pale!

Na aliona jambo. Kwenye sanduku la nguruwe na simba, nukta zilipanda kwa mstari: nguruwe wengi, simba wengi. Simba walikuwa wanamfuata nguruwe, wakifika shambani wanamkuta binadamu amelala.

"Hii lazima waione wenyewe," alisema. "Wakizuia nguruwe, watu hawaliwi tena."

"Nukta watazielewa?" Saadi aliuliza.

Mwantum akaketi siku mbili kuzitengeneza. Alipaka rangi, kila mtaa na yake. Akakuza maandishi. Kisha akaziondoa nukta kabisa, kila kaya akaandika jina la mwenyewe. Kwao, ukisimama mbele za watu ukazungumzia shamba la mtu bila kumtaja, umemsengenya. Adabu ni kumtaja naye akusikie. Mwisho akapanga mstari wa masanduku ya simba: sanduku la umbali litangulie, la dungu lifuate, la nguruwe liwe la mwisho. Alitaka utamu ubaki mwisho, kama mtu anavyosimulia.

Saadi alitazama karatasi ikitoka kwenye printa. "Imependeza, mama masanduku. Ila mimi ningeziacha nukta."

"Wewe wa Dar, utajua nini."

Mkutano ulikuwa saa nne asubuhi, ndani ya ofisi ya kijiji. Mwantum alikuwa ameunganisha karatasi nyingi kwa gundi hadi zikafunika nusu ya ukuta. Watu walisongamana kutafuta majina yao, wakicheka. "We! Mimi niko juu ya shemeji!" Mwenyekiti wa kitongoji, Mzee Muhidini, akawanyamazisha.

Mwantum akaanza na sanduku la kwanza. "Hapa tunaona, shamba likiwa mbali, simba wanaonekana zaidi. Majina yanapanda hivi."

Kondo alikuwa mbele, panga lake katikati ya magoti. Alinyoosha kidole. "Na yule wa pembeni kule chini, peke yake, nani?"

"Nassibu," Mwantum alisoma.

"Shamba lake liko mbali?"

"Ndilo la mbali kuliko yote."

"Na simba wamekwenda kwake mara ngapi?"

"Hata mara moja."

Kondo akasogelea sanduku la pili. Huko nako Nassibu alikuwa peke yake chini: analala dunguni siku nyingi kuliko wote, na simba hawajakanyaga.

Nassibu alikuwa amekaa nyuma, mtu mfupi wa miaka hamsini, miguu ina tope. Alicheka. "Mimi nimechimba handaki, bwana! Shamba zima nimelizungushia. Nguruwe akitumbukia hatoki. Ninyi wavivu endeleeni kupiga madebe."

Siku nyingine wangecheka naye. Siku ile ilikuwa ya tisa tangu Mwanajuma azikwe mguu mtupu.

"Tunakufa, wewe unacheka?" Kondo alisema. "Mashine imekutaja."

"Bado kuna sanduku la tatu!" Mwantum alipaza sauti. "La nguruwe! Mtazameni kwenye la nguruwe!"

Kwenye la tatu Nassibu hakuwa peke yake. Alikuwa kwenye kona pamoja na wengine sita, nguruwe hakuna, simba hakuna, mahali pake kabisa. Lakini kigoda kilikwisha kuruka. Kilimpata Nassibu mdomoni, meno yakamwagika juu ya kanzu. Akainuka akiwa bado anataka kueleza, mkono ameunyoosha, na mpini wa jembe ukauvunja ule mkono. Wakamkokota mpaka uwanjani. Mzee Muhidini alitorokea dirishani na hakuonekana tena siku hiyo.

Mwantum alibandua karatasi ya sanduku la tatu ukutani, akakimbia nayo, akajitupa katikati yao. "Someni! Someni hapa!" Mtu akamkanyaga kifundo cha mkono. Alisikia mfupa ukilia ndani yake kabla ya maumivu. Akiwa chini aliona uso wa Nassibu karibu na wake, jicho moja limejaa mchanga, linamtazama. Kisha Kondo akaliinua panga.

Alipiga mara tatu. Mara ya nne mikono ikamkatalia, akaketi palepale chini, ndipo akalia kilio alichokuwa nacho tangu mpungani.

Nassibu alikata roho adhuhuri, juu ya pikapu, kabla hawajafika barabara kuu. Polisi walimchukua Kondo na wengine watatu. Siku kumi na tatu baadaye simba alimla mtu mwingine, upande wa Mtawanya. Msimu uliofuata kitongoji kizima kilichimba mahandaki, marefu, ya kwenda kifuani. Hakuna aliyesema wazo lilikuwa la nani. Mwantum alirudi na daftari, mkono umepona ukiwa umepinda kidogo, akahesabu nguruwe: wachache mno. Alipofika kwa mjane wa Nassibu alijibiwa maswali yote manne kwa adabu. Hakukaribishwa kuketi.

Hivi sasa niko kidato cha tatu. Likizo hii shangazi amenifundisha kutengeneza masanduku yale kwa alama za mtihani za darasa letu: hesabu, baiolojia, Kiswahili na jiografia. Nilifurahi, nikapaka rangi, wasichana nyekundu, wavulana buluu, kisha nikaanza kuandika majina ya wenzangu mahali pa nukta. Mkono wake uliopinda ukapita mbele yangu, ukafuta yote. Nikamwuliza tena, kwa nini nyeusi.

Safari hii hakunifukuza.

"Kondo aliniuliza yule wa pembeni ni nani, nikamjibu palepale," alisema. "Ingekuwa nukta nyeusi kama nyingine zote, ningelazimika kutafuta jina kwenye daftari. Na daftari nilikuwa nimeliacha Kibiti."