Pikipiki ya Ngariba Sadallah Yatafuta Mnunuzi

Jua limepanda kiasi cha kukausha umande juu ya makuti, na Sadallah Msabaha amechuchumaa uani kwake Dunda, mjini Bagamoyo, akiisugua pikipiki yake kwa kitambaa chenye mafuta ya nazi. Anaanza na tangi, anashuka kwenye injini, kisha anapitisha kidole kati ya spoku za gurudumu, moja baada ya moja, kama anayemwosha mtoto vidole vya miguu.

Ni pikipiki ya Kijerumani, nyeusi, yenye mistari miwili myeupe ubavuni mwa tangi. Aliinunua mwaka 1957 kwa msimamizi wa shamba la mkonge aliyekuwa anarudi kwao Ujerumani. Miaka kumi na saba imepita na haina mkwaruzo. Mtu akiinama mbele ya taa yake anaweza kunyolea ndevu.

"Kanga zangu mbili za sikukuu zimeishia kwenye hiyo pikipiki," anasema mkewe, Bimdogo, akichambua mchele kizingitini. "Mimi nikiumwa homa hupanguswa kwa gunia."

"Lile gunia lilikuwa jipya," anajibu Sadallah bila kuinua kichwa.

Leo anaisugua kuliko siku zote, kwa kuwa kuna mtu anakuja kuitazama. Ni mnunuzi wa tatu. Wawili wa kwanza waliichukua kwa majaribio wakairudisha, na hakuna hata mmoja aliyeilalamikia injini.

Tatizo ni kazi ya mwenye mali. Sadallah, mwenye umri wa miaka hamsini na minane, ni ngariba. Msimu hadi msimu amezunguka na mkoba wake kwenda Kiromo, Fukayosi mpaka Lugoba, akiwatahiri watoto wa kiume, na kila alikokwenda alikwenda na pikipiki hiyo.

Kwa desturi, siku ya ngariba huijua baba na mjomba tu. Mtoto mwenyewe huambiwa kwamba leo kuna wali kwa bibi. Basi kitu pekee kilichobaki cha kumwonya ni mlio wa injini, na watoto wa vijiji hivyo waliujua kabla hawajaijua adhana.

"Nikawa naizima mwisho wa mashamba, naisukuma," anasimulia Sadallah. "Wakajifunza kusoma alama za tairi mchangani. Watoto hao hao ambao mwalimu wao analalamika kuwa hawajui kusoma."

Zamani, msimu wa baada ya mavuno ulimletea watoto arobaini, kila mmoja kwa shilingi tano na kuku. Msimu uliopita walikuwa wanne. Wazazi wengi sasa huwapeleka watoto wao hospitali, na Sadallah hawalaumu.

"Kule kuna sindano ya ganzi," anasema. "Mimi nilikuwa na wimbo."

Kiuno nacho kimeichoka barabara ya Fukayosi. Kwa hiyo ameamua kuuza pikipiki anunue cherehani. Kushona anajua: miaka mingi, wakati wa masika, alikuwa akikaa barazani kwa fundi mmoja akimsaidia kanzu za Idi. Mwenye duka amekubali kumwekea cherehani hiyo mpaka mwezi uishe. Ukiisha, itakwenda kwa mwingine, naye Sadallah atabaki na pikipiki inayong'aa na mkoba usio na kazi.

Mnunuzi wa kwanza alikuwa Mwalimu Seleman wa Fukayosi. Aliwasili nayo shuleni asubuhi, wanafunzi wakiwa mstarini wanaimba. Alipozima injini alikuta wasichana tu, wanaendelea na wimbo kana kwamba hakuna lililotokea. Wavulana walikuwa kwenye mihogo, na wengine hawakutoka mpaka adhuhuri.

Alipokuwa anarudi nyumbani, bibi mmoja alisikia mlio, akatoka mbio na kuku wawili, maana ngariba hapokewi mikono mitupu. Mwalimu aliwapokea na kushukuru. Kesho yake bibi alikwenda kumuuliza mbona mjukuu wake bado mzima.

"Kuku nimeshawala," Mwalimu Seleman alimwambia Sadallah alipoirudisha. "Hilo deni nitalibeba mwenyewe. Pikipiki siwezi."

Wa pili alikuwa Rajabu, kijana aliyetaka kwenda nayo Lugoba kwa wakwe watarajiwa. Shemeji zake wadogo watatu walipanda juu ya paa wakagoma kushuka. Mama mkwe akamwita Rajabu pembeni, akamuuliza kwa upole kama kuna kazi yake nyingine ambayo hakuitaja wakati wa posa.

Huyu wa tatu ni Bi Mize, mwenye shamba la machungwa Kiromo. Anaingia uani na mwanawe Ausi, kijana mwenye miguu mirefu iliyoumbwa kwa pikipiki.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba, Sadallah. Hujambo? Bimdogo, za tangu siku zile?"

Baada ya salamu na kahawa, Bi Mize anataka kuisikia. Sadallah anasita. Kisha anaipiga teke moja tu, nayo inaitika. Kichochoroni nyuma ya ua watoto walikuwa wanacheza mpira wa matambara. Kelele zao zinakatika. Mpira wenyewe unaingia uani taratibu, unasimama miguuni mwa Ausi, na hakuna anayeufuata.

Mabega ya Sadallah yanashuka.

"Sitakuficha, dada. Watoto wanaikimbia."

"Wasingekimbia, ningerudi zangu Kiromo," anasema Bi Mize. "Zima. Nimeipenda."

Anaeleza. Msimu uliopita wavulana walimwachia majani tu. "Niliweka miiba, wakavaa viatu vya baba zao. Niliweka mlinzi, nikamkuta anawashikia kikapu. Hii itakaa bandani. Asubuhi na jioni Ausi ataiwasha, ingurume, azime. Basi."

"Haitatembea?"

"Iende wapi?"

Sadallah anakaa chini ukingoni mwa baraza. Mwezi umebaki na siku chache, na hajui kama atatokea mnunuzi wa nne. Hata hivyo anatikisa kichwa.

"Dada Mize, pikipiki hii haikutunzwa iwe sanamu la kutishia ndege."

"Ndege hawali machungwa yangu."

"Na hao watoto. Mimi nilimtisha kila mmoja siku moja tu maishani mwake, tena baadaye akapikiwa pilau. Wewe utawatisha kila siku bila pilau."

Bimdogo ameacha kuchambua mchele. Bi Mize anaivuta kanga yake begani, anamtazama mtu huyu anayeharibu biashara yake mwenyewe.

"Haya, weka sharti, kaka."

"Ausi aiendeshe kila siku, hata kama ni kuzunguka shamba. Na mtoto akija mlango wa mbele akapiga hodi, apewe chungwa."

"Moja?"

"Mawili."

"Maisha yako yote umekuwa mtu wa kupunguza," anasema Bi Mize. "Leo ndiyo unaongeza."

Wanashikana mikono kwa shilingi elfu moja. Ausi anapoitoa uani, Bimdogo, aliyeisema pikipiki hiyo miaka yote, anaingia ndani na kutoka na kanga ya tatu, anaitandika kwenye kiti kisiungue kwa jua njiani.

Cherehani iliwasili Alhamisi. Ijumaa, mteja wa kwanza akabisha hodi: Chausiku, jirani wa mtaa wa pili, aliyemleta mwanawe kupimiwa kanzu ya Maulidi. Mtoto alisimama vizuri mabega yakipimwa, akasimama vizuri mikono ikipimwa. Sadallah akapiga goti apime urefu, akiwa na mkasi mkononi. Chausiku alimpata mwanawe saa kumi, sokoni, ndani ya tenga.

Sadallah hajakata tamaa. Anataka kabla ya Ramadhani awe anamaliza kanzu nne kwa wiki, na amekwisha kubaliana na mkewe namna ya kugawana kazi.

"Bimdogo atapima na kukata," anasema. "Mkasi utakaa kwake, ndani, sitaugusa. Mimi nitakuwa hapa barazani kwenye cherehani, mikono yangu yote miwili juu ya meza, waione."