Tovuti Iliyopendeza Mezani Kwangu

Siku yangu ya kwanza kazini sikuruhusiwa kugusa mashine. Nilikuwa nimefaulu mtihani wa kupiga chapa, nimevaa sketi mpya, vidole vinaniwasha, lakini Msimamizi wa chumba cha wapiga chapa akanipa karatasi na kuniketisha kando ya dada mmoja aliyenitangulia kazini. "Msomee mwenzako," akasema. Nikasoma. Nilipomaliza sentensi ya kwanza akanikatiza. "Na nukta umemwachia nani?" Nikaanza upya, nikitamka nukta, mkato, herufi kubwa, aya mpya, huku yule dada akifuatisha kwa penseli kwenye barua aliyoichapa. Wiki nzima kazi yangu ilikuwa hiyo.

Tuliiita kusomeana. Katika shirika letu la umma, pale Morogoro mjini, barua haikutoka bila kusomeana, hata iwe ya mistari miwili. Msimamizi alikuwa mama wa Kingoni, mtu wa maneno machache, na sheria yake ilikuwa moja: aliyechapa hajikagui mwenyewe. "Macho yako yanajua ulichokusudia," alituambia. "Kwa hiyo yatakuonyesha ulichokusudia, hata kama hukukiandika." Tulimcheka chini chini. Mimi nilimcheka kuliko wote kwa sababu nilijiona sikosei, na kusema kweli nilikosea mara chache.

Kisha ikaja ruksa, biashara binafsi zikafunguliwa, na baada ya ruksa soko huria. Shirika likauzwa. Wenye mali wapya walikuja na kompyuta tatu, wakasema kati ya wapiga chapa kumi na mmoja watabaki wawili. Mimi sikuwa mmoja wao. Wakati ule neno lilikuwa "kupunguzwa", kana kwamba sisi ni chumvi iliyozidi kwenye mchuzi. Nililia siku mbili. Siku ya tatu nikaenda Mwembesongo kujiandikisha darasa la kompyuta, chumba chenye mashine nne na feni moja, ambayo mwalimu aliielekeza kwenye mashine. Nilifarijika kukuta herufi zimekaa palepale nilipoziacha kwenye taipureta.

Aliyeniajiri baada ya hapo nilimwita Tajiri, kama mji mzima ulivyomwita. Alikuwa na duka la madaftari na kalamu karibu na soko. Babu yake ndiye aliyetoka Bara Hindi, yeye alizaliwa Morogoro, na mafumbo yake ya Kiswahili yalinizidi. Alikuwa ameongeza chumba cha nyuma na kukitia kompyuta sita zenye mtandao. Siku ya usaili aliniuliza swali moja tu.

"Mama Rehema, unaogopa kuharibu?"

"Naogopa."

"Basi utanifaa. Wasioogopa wameshaniulia mbili."

Watu walianza kwa kuja kusoma barua pepe. Muda si mrefu wakaanza kutaka tovuti: shule za watu binafsi, nyumba za wageni, hata kwaya. Nyinyi wa leo mnafungua blogu kwa kidole, mmelala. Sisi ukurasa tuliujenga tofali kwa tofali, na zana tulizitafuta wenyewe. Mitaani ziliuzwa sahani za CD zenye programu za kuchoma, yaani zilizonakiliwa kwa wizi, jina limeandikwa juu kwa kalamu ya wino mzito. Nilipomletea Tajiri moja, aliishika kwa ncha za vidole.

"Hii ni bure ya mwizi," akasema. "Inakuja na wadudu wake. Nitafutie bure ya mwenyewe aliyetoa."

Nikatafuta, na hapo ndipo nilipojifunza tofauti ambayo hadi leo vijana wengi huichanganya. Programu ya bure ni ile usiyoilipia. Programu huria ni zaidi ya hapo: mwenyewe amekuruhusu kuifungua uone ilivyoshonwa, uirekebishe, umpe na jirani. Niliwaza kwamba katika mambo yote yaliyoitwa huria miaka ile, hili angalau halikunifukuza kazi.

Sanduku langu la zana likajaa polepole. Nilikuwa na programu nyepesi ya kuandikia maandishi matupu, ambayo kila kompyuta huja nayo na watu huidharau. Nilikuwa na ya kupunguza uzito wa picha, na hiyo niliipenda kuliko zote, maana mtandao ulipita kwenye waya wa simu na picha nzito ilikupa nafasi ya kuchemsha chai, ukainywa, ukaosha kikombe. Ilikuwepo ya kupandishia mafaili kwenye seva, yaani ile kompyuta ya mbali isiyolala ambako tovuti huishi. Halafu ilikuwepo ya kujengea kurasa bila kuandika amri: unaburuta picha kwa kipanya, unaiweka unapotaka, yenyewe inaandika amri zake kwa ndani. Hiyo ndiyo iliyonilevya.

Siku moja akaja Bi Anastazia. Alishuka kwa miguu kutoka kijiji kilicho juu ya Bigwa, kanga mbili, mkoba wa ukindu, na mkobani picha tisa zilizofungwa kwenye kitambaa. Kikundi chake kilikuwa kimejenga nyumba ya vyumba viwili kwa ajili ya wageni wanaopenda kutembea milimani. Kiwanja kilikuwa cha ukoo, lukolo kama wasemavyo wenyewe Waluguru, na yeye ndiye aliyewashawishi ndugu waache kupanda maharage hapo ili ijengwe nyumba. Walimkubalia kwa sharti: hadi kikao cha ukoo baada ya masika wageni wawe wamepatikana, la sivyo kiwanja kirudi kwenye jembe.

Matumaini yake yalikuwa kwa mwalimu mmoja wa chuo cha ng'ambo, ambaye aliwahi kupita pale akanywa chai. Mwalimu huyo alitaka kuleta wanafunzi kila mwaka, ila ilibidi kwanza awashawishi wenzake chuoni, na wenzake walitaka kuiona nyumba. "Amesema tuiweke kwenye mtandao waione," Bi Anastazia alinieleza. "Mwanangu, mimi sijui mtandao. Najua nyumba ipo, nimebeba matofali yake kichwani."

Niliifanya kazi ile kwa moyo wote. Niliziskani picha, nikazipunguza, nikaziburuta moja moja. Ukurasa wa kwanza nilimweka yeye mwenyewe, kasimama mlangoni anacheka, mlima nyuma yake. Nikapandisha kurasa kwenye seva, nikazifungua kutoka kwenye mtandao palepale mezani kwangu. Zilipendeza. Tajiri alikuja akatazama, wateja wakapiga makofi. Bi Anastazia alipojiona alifunika mdomo kwa kanga. Tukamwandikia mwalimu barua pepe.

Majibu yalikuja baada ya wiki mbili. Nayakumbuka kama nilivyoyasoma: "Nimewaonyesha wenzangu kurasa zenu. Maneno ni mazuri, lakini mahali pa picha pana visanduku vitupu. Wameniuliza kama nyumba hiyo ipo kweli. Nasikitika, wameamua kwenda kwingine."

Nikafungua tovuti mezani kwangu. Picha zote zilikuwepo. Nikahamia mashine ya nne, ya wateja. Visanduku vitupu, tisa, kila kimoja na alama nyekundu ya mkasi, kama ile ya kosa daftarini.

Nieleze kosa, maana hadi leo lina ndugu zake. Ile programu ya kuburuta ilikuwa imeandika kwamba kila picha ichukuliwe kwenye folda ya kompyuta yangu. Mimi nikapandisha kurasa, folda ya picha nikaiacha. Kwa hiyo kila nilipofungua tovuti, kompyuta yangu ilijaza visanduku kwa picha zilizokuwa tumboni mwake yenyewe. Kwa mtu mwingine yeyote duniani hapakuwa na kitu. Kuhamia mashine ya nne kungenichukua dakika moja. Sikufanya hivyo kwa sababu kusomeana nilikuhesabu ni mambo ya taipureta, na kwa sababu nilikuwa nimeshapigiwa makofi.

Nilirekebisha saa hiyohiyo, nikamwandikia mwalimu, nikaomba radhi. Hakujibu.

Bi Anastazia aliposhuka nilimweleza yote. Akasema, "Kikao ni Jumapili. Njoo uwaambie wewe. Mimi wakinisikia watasema natafuta visingizio."

Tajiri alinipa ruhusa na sukari kilo mbili za kupeleka. Nikapanda. Ukoo ulikuwa umekaa uani mwa ile nyumba. Mkubwa wao alikuwa mjomba wa Bi Anastazia, mzee mkavu mwenye kofia ya sufu.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mama. Sema lililokuleta."

Nikasema. Nilieleza kwamba nyumba ilikataliwa bila kuonekana, na aliyewanyima watu kuiona ni mimi. Mzee alinisikiliza hadi mwisho, akauliza, "Kabla haijaenda huko, nani mwingine aliikagua?"

"Hakuna, mzee."

"Sisi hapa hata maharage ya mbegu akichambua mmoja, anapitia mwingine."

Nilitamani ardhi ipasuke. Nilikuwa nimepanda mlima mzima kumkuta Msimamizi wangu huko juu, amevaa kofia ya sufu.

Waliamua nyumba isivunjwe, isubiri msimu mmoja zaidi, lakini uwanja wote ulimwe. Wakati nashuka, Bi Anastazia alinisindikiza hadi kijito. "Umesema kweli, nami nimeshukuru," akaniambia. "Lakini ujue, maharage yatapandwa hadi mlangoni kwangu." Hakunikasirikia, na hilo ndilo lililoniuma.

Kuanzia wiki ile, kwa Tajiri, tovuti haikutoka bila kusomeana. Mmoja alikaa mashine yangu, mwingine mashine ya nne, akisema kwa sauti anachokiona: picha ya lango ipo, kiungo cha pili kinafunguka. Baadaye tulipata programu huria ya kukagua viungo vilivyokatika, na niliipokea kwa shukrani. Ila programu hiyo inaweza kukwambia picha ipo. Haiwezi kukwambia kwamba umeweka picha ya mbuzi palipotakiwa picha ya mkuu wa shule, na hilo pia lilitokea kwetu.

Msimu uliofuata walikuja watembeaji wawili kutoka Dar es Salaam, wakiulizia "ile nyumba yenye bibi mlangoni". Walikuwa wameiona kwenye tovuti. Wakaleta wenzao. Mwaka hata mwaka maharage yakarudi nyuma tuta moja moja, hadi uwanja ukabaki wa wageni. Yule mwalimu hakuja kamwe. Wanafunzi wake wangekuwa wa kila mwaka, na deni hilo la moyo sijapata pa kulipia.

Tajiri alipofunga chumba cha mtandao, kwa kuwa kila mtu sasa alikuwa nao mfukoni, nilifundisha Kihonda kwenye kituo cha ufundi. Mkuu wa Kituo alilalamika kwamba darasa langu lina kelele kuliko karakana ya useremala. Nikamwambia wanasomeana. Nilifundisha hapo hadi nilipostaafu.

Sasa nakaa Bigwa, nafuga kuku. Vijana hunitumia blogu zao niwasifu. Zana zao za bure ni nyingi kuliko nilizoota mimi, na nawaonea wivu. Lakini siwasifu hadi nifungue blogu yenyewe kwenye simu ya mtu mwingine, nao huniona bibi msumbufu.

Bi Anastazia alifariki miaka michache iliyopita. Tovuti bado ipo, wajukuu zake wanaitunza, na picha ya ukurasa wa kwanza wameiacha ileile. Kila Jumapili baada ya misa namshika mtu mmoja, yeyote mwenye simu, namwomba aifungue. Mimi sitazami. Namwuliza tu anaona nini.

"Namwona bibi," juzi alinijibu jirani yangu. "Kasimama mlangoni, anacheka."

"Na nyumba?"

"Ipo, Mama Rehema. Nyumba ipo."