Ufito wa Alama Tatu

Mwanzoni mwa miaka ya tisini baba alikuwa akirudi nyumbani, mtaa wa Shauri Moyo, mwisho wa mwezi tu. Kwa hiyo alipoingia Jumanne mchana, nguo zikinuka dawa, mama alisimama kabla hajasalimiwa.

Baba alifanya kazi kwenye mashamba ya ngano, penye uwanja mdogo wa ndege ya kupiga dawa. Yeye ndiye aliyechanganya dawa na kujaza tangi. Alipima kwa ufito aliouchonga mwenyewe, maana kwao Ukambani ni wachongaji, akautia alama tatu. Dawa ikipita ya tatu, ndege inalemewa. Siku hiyo alikuja na ufito huo mkononi.

"Ndege imeanguka," alimwambia mama. "Ilikuwa ndiyo kwanza inapaa. Haikuvuka hata miti. Rubani amekufa."

Kisha akaketi kitandani na viatu miguuni, na mama, ambaye kwa kawaida angemfukuza, akainama kumvua.

Wakubwa wake walichunguza, wakasema tangi lilijazwa kupita kiasi. Wakamuuliza nani alijaza. Akasema, "Mimi." Wakamfuta kazi. Mtaani kwetu habari hazina pazia. Nikifika mferejini kuteka maji na mtungi wangu, watu wanahamisha mazungumzo. Nilikuwa na miaka kumi na sita na hasira ya kutosha nyumba tatu. Siku moja nikamwambia baba usoni kwamba uzembe wake umeua mtu. Alikwenda nje na panga lake la kuchongea.

"Maji yakimwagika hayazoleki," mama alisema, akichambua maharagwe. "Lakini heri ujue."

Akanisimulia kama baba alivyomweleza: asubuhi ya ajali mawingu yalikuwa yametanda, na rubani alitaka kumaliza shamba kabla ya mvua. Dawa ilipofika alama ya tatu, baba aligonga ubavu wa ndege mara mbili, kama desturi yake, kuonyesha imetosha. Rubani akachungulia: "Ongeza kidogo, mzee." Baba akakataa. Rubani akacheka, akamwomba tena. Baba akaongeza.

Nilitoka nje mbio. Baba alikuwa amekaa kwenye kigoda, akichonga miiko ya kupeleka sokoni Gikomba.

"Baba, mbona hukuwaambia? Si ni yeye alisema uongeze!"

"Kwetu mtu akishafariki hashtakiwi. Atajibu na mdomo gani?"

"Na wewe ulikuwa na mdomo. Ungejitetea!"

Aligeuza mwiko, akaukagua upande wa pili. Niliona aibu kuliko nilivyowahi kuona maishani.

"Yeye alikuwa na haraka tu, mwanangu," aliniambia. "Mwenye ufito nilikuwa mimi."

Nilimwomba msamaha huku nalia. Alinisogezea kigoda cha pili, akanipa msasa na mwiko mmoja nisugue.