Hatua Niliyojijengea Kabiria

Wacha nikubali mapema, ili msije mkaniuliza baadaye kama ni kweli: ndiyo, ni mimi yule bwana harusi aliyempigia magoti shemeji yake mbele ya wazee wa pande mbili na kumwita mpenzi. Mashahidi wapo wengi, na nikipita mtaa wa Kabiria hata leo kuna mama mmoja wa mboga ambaye akiniona tu anashika kiuno na kucheka (namsalimia, nifanyeje).

Yote yaliletwa na gemu. Mwaka huo wa 2009 shemeji yangu Kariuki, ndugu yake mchumba wangu Wambui, alikuwa na kibanda cha kuchezea gemu pale Kabiria, televisheni tatu na viti vya plastiki, na mimi kila Jumamosi nikitoka kazini mjini (nilikuwa nauza mabomba na misumari, kazi ya kusimama kutwa) nilikuwa napitia hapo kabla ya kwenda kumwona Wambui. Basi Kariuki akaleta gemu mpya, sehemu ya pili ya ile ya fundi mwenye nyundo. Ya kwanza tulikuwa tumeicheza mpaka tukaikinai, lakini hii ya pili ilikuwa na maajabu yake, maana wenye gemu ni kama walikuwa wamechoka kutujengea, wakakupa matofali, ngazi, milango, mbuzi na watu, wakakwambia jenga hatua, yaani level, yako mwenyewe halafu wenzako waicheze. Sharti lilikuwa moja tu: gemu haikubali kuhifadhi hatua yako mpaka wewe uliyeijenga uimalize kwanza.

Sasa, mwezi uliofuata ndio tulikuwa tunafanya ngurario, sherehe yetu ya kimila ya kukamilisha ndoa, na mtihani wake ni huu: wanawake wanapangwa mstari wakiwa wamefunikwa leso kutoka kichwani hadi vifundoni, nawe bwana harusi unaambiwa mtoe wako. Ukikosea unatozwa faini, lakini faini haikunisumbua. Kilichonisumbua ni babake Wambui, ambaye moyoni hakuwa amenikubali bado. Hakuwahi kunisemea vibaya, ni mtu mpole, ila kila akinipata kwa Kariuki nimeshika rimoti ya gemu alikuwa ananitazama kama mtu anayetazama mvua ikinyeshea nguo zake kwa kamba. Na Wambui mwenyewe alikuwa ameniambia, bila hasira:

"Njoro, hiyo siku ukinikosa mbele ya baba, mimi sitasema kitu. Lakini sitasahau."

Nikaogopa, tena sana, na katika kuogopa kwangu nikaamua kufanya mazoezi. Jumamosi tatu nzima nilikaa kwa Kariuki nikajenga boma la kina Wambui ndani ya gemu, lango la bluu, tangi la maji, migomba, kila kitu mahali pake, na mwisho wa yote nikapanga wanawake saba waliofunikwa. Ukimgusa asiye wako, leso inaanguka na anatokea shangazi ana mwiko, anakufukuza mpaka nje ya lango, unaanza upya. Ila nilikuwa nimeweka siri ya kumjua bibi harusi: mmoja wao, kila baada ya muda, aliinua mguu wa kushoto kidogo na kugonga chini. Kwa sababu Wambui wangu ndivyo anavyosimama. Mweke kwa foleni dakika tano tu, mguu wa kushoto unaanza, unainuka, unagonga, unatulia. Nilikuwa nimeuona tangu mwanzo wa urafiki wetu, miaka minne, na nilijisifu kwamba hakuna binadamu anayemjua Wambui kama mimi.

Nikaicheza hatua yangu, nikaimaliza, nikapiga makofi peke yangu. Kariuki akaja na chai yake mkononi.

"Sasa hii nifute ama?"

"Wacha ikae, watu waone kazi."

Hapo ndipo nilipojimaliza. Kusema "futa" kungenigharimu nini? Mimi nilitaka sifa (nazipenda sifa, sitawaficha), na sikufikiria hata kidogo kwamba Kariuki angeketi aicheze, na kwamba akishaimaliza angewaita shangazi zake waje waone.

Siku ikafika. Tuliingia vizuri, mjomba wangu ambaye ndiye alikuwa msemaji wetu akasalimu kwa ustadi, tukaketi kwa hema, nikaitwa mbele. Wanawake saba wakatolewa nje wakapangwa kwenye simiti mbele ya nyumba. Nikatembea mbele yao polepole, mikono nyuma, kama mkaguzi wa shule, na mguu mmoja wa kushoto ukainuka, ukagonga. Nilikaribia kucheka kwa raha. Kisha wa pembeni yake naye akagonga. Kisha wa tatu. Nikarudi mwanzo wa mstari nikaangalia vizuri, na jamani, wote saba, miguu saba ya kushoto inainuka, inagonga, inatulia!

Mtu mwenye akili angesimama hapo akafikiri. Mimi nilichagua aliyegonga vizuri zaidi. Leso ikafunguliwa, akatokea shangazi yao mkubwa, na mkononi ana mwiko.

"Karibu, kijana wangu! Si ulinitaka na mwiko?"

Hapo nikajua wameicheza. Nikachagua wa pili haraka haraka, akawa ni cucu wao, nyanya mwenye zaidi ya miaka themanini, akanishika shavu akasema, "Kumbe hata mimi bado niko!" Hema lote likaangua kicheko. Nikamtazama babake Wambui. Hakuwa anacheka.

Basi nikajiambia hii ya tatu lazima niifanye kwa moyo, mzee aone sibahatishi. Nikaenda kwa yule aliyekuwa anagonga kwa utulivu zaidi, nikapiga magoti, nikamshika mkono juu ya leso, nikasema kwa sauti ya kusikika mpaka jikoni: "Mpenzi wangu, hata wakufunike na mahema mia, mimi nitakujua."

Chini ya leso sauti nzito ikanijibu, "Ata mimi nakupenda, bro."

Alikuwa ni Kariuki, amevaa viatu vya dadake mkubwa. Sitawaeleza kelele iliyopigwa hapo, ila mjomba wangu, msemaji wetu mheshimiwa, alicheka mpaka mguu wa kiti chake ukavunjika. Babake Wambui akangoja watu watulie, akasimama.

"Njoroge."

"Ee, baba."

"Kwani msichana wangu wewe unamjulia mguu?"

Nikainuka, nikajipangusa vumbi magotini.

"Wambui hayuko kwa hao wote," akasema. "Ungewaangalia, ungeona."

Na ilikuwa kweli. Wambui ni mfupi, na pale mfupi alikuwa cucu peke yake. Nilikuwa nimekagua miguu saba na sikuwa nimemtazama mtu hata mmoja.

Wakaleta mstari wa pili, watano, na hawa walisimama tuli. Nikawatazama mpaka macho yakauma. "Baba," nikasema, "sijui. Naogopa kukosea tena." Hapo wa katikati akajivua leso mwenyewe.

"Ni mimi hapa. Wacheni kumtesa."

"Ai, Wambui! Hatufanyangi hivyo!" shangazi akalalamika, lakini vigelegele vilikuwa vimeanza.

Tulipoketi pamoja nikamnong'oneza kumuuliza kama amekasirika.

"Sijakasirika. Lakini unajua kwa nini huo mguu hugonga?"

"Si ni tabia yako?"

"Ni goti. Nilianguka nikiwa Form Two, nikisimama sana linauma. Miaka minne umeuona, ukaenda ukauweka kwa gemu, Kabiria yote ikacheza. Hujawahi kuniuliza kama unauma."

Wenzangu, kuchekwa nilikuwa nimekuvumilia. Hili nililionea aibu peke yangu, nikainamisha kichwa. Na mara mpiga picha akatuita tusimame mbele ya migomba, na mwenyewe alikuwa na orodha ndefu, ukoo huu, ukoo ule. Nikamwambia bibi harusi hatasimama, atakaa. Akabisha kwamba picha zitaharibika. Nikamwambia ziharibike tu. Nilikuwa nageuka kutafuta kiti nikampata babake Wambui yuko nyuma yangu, amekileta mwenyewe.

"Keti, mama," akamwambia binti yake, kisha akanishika bega na kusimama hapo kando yangu.

Tangu siku hiyo nimeapa sitamjenga mtu yeyote ninayemjua ndani ya gemu, hata aniombe. Na nikiona jambo kwa Wambui, hata dogo namna gani, namuuliza. Siku nyingine ananiambia nimezidi maswali.